Gari la Kumpeleka Mama Kliniki

Kwanza tuelewane: fundi saa hakuwa mjinga. Wapo wanaonunua magari ya kifahari yaliyochoka kwa ujinga, wapo wanaonunua ili kuwaringia majirani, na wapo, Mungu awape nafuu, walioyapenda tu bila sababu. Yeye alinunua kwa ajili ya mama yake. Alimwambia hivyo muuzaji, akawaambia majirani, akamwambia kila mtu aliyewahi kulala chali chini ya lile gari na tochi mdomoni, na alikuwa anasema kweli kabisa. Ndiyo maana kisa hiki nusu kinanichekesha, nusu kinanichoma.

Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa duka la dawa, upana wake hauzidi kabati la nguo. Meza, taa, kioo cha jicho, vikopo vya nati ambazo mimi na wewe hatuzioni, na ukutani saa kumi na nane zinazokubaliana hadi sekunde. Mikononi alivaa saa mbili: kulia ya mteja, aliyokuwa anaijaribu baada ya kuitengeneza, kushoto ya kwake, ya kuisuta ile ya kulia. Pale mtaani mtu akikuambia mkutane saa nne ya fundi saa, ujue hapo hakuna masihara.

Nyumbani walikuwa wawili, yeye na Mama. Mke aliwahi kuwepo, akaondoka zamani, bila ugomvi na bila mtoto. Mama alikuwa na magoti mabovu tangu alipoteleza bafuni, na kila Alhamisi saa tatu asubuhi alitakiwa hospitali kunyooshwa viungo. Walikwenda kwa bajaji, wamebanana kiti cha nyuma, Mama kashika mkongojo kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili kamng'ang'ania mwanawe bega kila wakiingia shimoni. Wakifika wanakaa benchi. Fundi saa anatoa kikopo chake, anatengeneza saa mapajani, na Mama anamsimulia habari za watu waliokufa kabla yeye hajazaliwa, mpaka jina liitwe. Saa tano wanarudi. Hayo ndiyo yalikuwa maisha, na hakuna aliyelalamika.

Aliyelalamika alikuwa dada yake. Huyo dada mtu, mzaliwa wa kwanza, alikuwa metroni wa hospitali katika mji ulio mwendo wa saa nne kutoka pale, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuona watu wakitandika vitanda upya. Siku moja alipiga simu.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Nimeambiwa Mama anakwenda kliniki kwa bajaji. Ni kweli au nimedanganywa?"

"Ni kweli, dada, lakini tunakwenda polepole."

"Polepole! Mama ana magoti ya vioo, wewe unamrusha kwenye mashimo kama gunia la viazi, halafu unaniambia polepole? Nisikilize vizuri. Nakupa miezi mitatu. Nitakuja mwenyewe nione kwa macho yangu. Nikikuta mambo ni yale yale, Mama anahamia kwangu. Nina chumba, nina wauguzi, nina kila kitu."

Fundi saa alikata simu, akakaa. Mama alikuwa jikoni anaimba kwa sauti ya chini, akikosea maneno yale yale anayoyakosea siku zote. Yule bwana alimsikiliza. Ile nyumba bila Mama angeifanyia nini? Angerudi jioni amwambie nani kwamba leo kaletewa saa yenye mende ndani? Akaapa palepale: atanunua gari.

Sasa, mtu mwingine angenunua kigari kidogo cha kawaida, kile ambacho kila mwalimu na kila muuza mchele anacho, kinachowaka kila asubuhi na spea zake zinauzwa hadi kwa wauza vitunguu. Fundi saa aliviona, viwili, vimesimama pale uwanjani kwa muuzaji. Akavipita kama havipo. Yeye alikuwa na imani yake, na imani hiyo ilimlisha miaka thelathini: kitu kilichotengenezwa vizuri, hata kikizeeka, ukikirekebisha kinakuwa kizuri kuliko kipya cha ovyo. Wateja waliomletea saa za plastiki aliwaambia bila haya, "Hii si saa, hii ni bangili inayojua kuhesabu."

Kati ya vile vigari viwili lilisimama gari refu, rangi ya buluu iliyokoza, viti vya ngozi, mbao halisi kwenye dashibodi, na pazia kwenye kioo cha nyuma linalopanda na kushuka kwa kitufe. Umri wake ulitosha kumpigia kura mbunge. Bei yake ilikuwa chini ya bei ya vile vigari, na hapo mtu mwenye akili zake angejiuliza. Fundi saa hakujiuliza. Alifungua mlango, akaufunga, ukasema *tup*, kama kifuniko cha saa ya mfukoni ya zamani. Basi. Kwisha habari yake.

"Mwenye gari alikuwa daktari bingwa," muuzaji alisema. "Alikuwa analiendesha Jumapili tu."

Sijawahi kusikia gari kuukuu ambalo mwenyewe aliliendesha Jumatatu.

Majirani walilibatiza siku hiyo hiyo. Wakaliita Waziri. Mama alisaidiwa kuingia kiti cha nyuma, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake bila kugusa kitu, akafumba macho. Gari lilipowaka, sauti ya mwanamke ilitoka kwenye dashibodi ikasema maneno mengi ya adabu kwa lugha ya huko lilikotoka. Mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu, na wewe hujambo?" Fundi saa alicheka mpaka machozi. Wakazunguka mtaa mzima, pazia likipanda na kushuka, na kwa siku ile moja, jamani, hapakuwa na mtu mwenye furaha kumzidi yule bwana.

Asubuhi ya pili alilikuta limelala.

Nasema limelala kwa sababu sina neno jingine. Lile gari halikuwa na springi kama magari ya watu, lilikuwa na mifuko ya hewa, na mifuko ilikuwa imechoka. Usiku hewa ilitoka, tumbo likakaa chini, magurudumu yakazama ndani ya bodi. Ukitaka kuondoka inabidi uliwashe, usubiri, pampu ikoroge, makalio yainuke kwanza, halafu kichwa. Majirani walisimama kutazama.

"Kulikoni, fundi?"

"Yameundwa hivyo," fundi saa aliwajibu, uso mkavu. "Yanapiga magoti kumsubiri mwenyewe."

Waliamini wiki mbili nzima, na wapo waliowaleta wageni wao waje kuona.

Wiki ya tatu kwenye dashibodi ikawaka taa ya manjano yenye umbo la injini, na hapo ndipo alipopelekwa kwa Profesa. Profesa alikuwa fundi wa magari aliyekataa kugusa gari lolote la kawaida. Karakana yake ilikuwa kiwanja chenye ukuta wa mabati, na ndani yake yalikuwemo magari matano, yote ndugu wa Waziri, na la sita liko juu ya matofali, halina macho, halina milango, limechunwa kama mbuzi. Wenye yale matano walikuwa kila siku pale. Walijiita Kamati. Kiongozi wao, Mstaafu, alikuwa ameshika madaraka benki, na sasa alikuwa anashika tochi.

"Karibu sana, ndugu yetu," Mstaafu alisema akimshika mkono kwa mikono miwili, kama mtu anayempa pole mfiwa. "Sheria yetu hapa ni moja. Hatusemi gari limeharibika. Tunasema limepumzika."

"Na lile la kwenye matofali?"

Kamati nzima ikainamisha vichwa. "Mwenyewe alikata tamaa," Mstaafu akasema. "Akanunua kigari kidogo. Hatumtaji jina."

Profesa akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini sikioni, akafumba macho. Fundi saa alipoona vile, mate yakamjaa mdomoni. Huyu mtu alikuwa anasikiliza! Vilevile kama yeye anavyosikiliza saa! Profesa akafumbua macho. "Injini haina neno. Hii taa ni mbea tu." Akafungua dashibodi, akachomoa kibalbu, akakitia mfukoni. Taa ikazimika.

Kama mteja angemletea fundi saa saa inayochelewa, akamwomba ang'oe mshale ili isionekane inachelewa, angemfukuza kibandani kwa matusi. Lakini pale alishukuru, akalipa, akaondoka anapiga mluzi. Mapenzi haya, usiyaone hivi hivi.

Tangu hapo Alhamisi zikawa na utaratibu mpya. Saa tatu kasoro dakika tano Waziri anafika hospitali, Mama anateremka kama mke wa balozi, anafikishwa benchi. Halafu fundi saa anasema, "Mama, ngoja nikimbie kwa Profesa mara moja, kuna kitu nakisikia huku nyuma." Mama anasema, "Nenda, baba." Wiki hii kilikuwa pampu ya hewa. Wiki ile mlango wa kushoto, uliokuwa ukijifunga wenyewe na siku hiyo umekataa kujifungua. Halafu kipoza hewa kilichoanza kupuliza moto. Halafu lile pazia, ambalo alilitengeneza mwenyewe kwa kioo chake cha jicho na bisibisi za saa, na Kamati ikampigia makofi, na akaenda nyumbani amevimba kichwa kama kalivumbua yeye. Jumamosi akawa anakwenda karakana. Jumapili akawa anakwenda kwa sababu Kamati hukutana Jumapili. Jioni za katikati ya wiki alikuwa uani, tochi mdomoni, na Mama akila peke yake mezani anaweza kuiona miguu ya mwanawe kupitia dirishani.

"Chakula kinapoa, baba."

"Naja, Mama. Dakika tano."

Dakika zake tano, yeye aliyekuwa akiuza dakika za kweli!

Usidhani alikuwa amemsahau. Kila nati aliyoikaza aliikaza kwa jina la Mama. Ilikuwa inamkosesha usingizi: dada atakuja, atapanda Waziri, atasikia *kwi*, na Mama ataondoka. Hakutaka asikie hata *kwi* moja.

Basi miezi mitatu ikatimia. Dada alisema atafika Ijumaa. Alhamisi, yaani kesho ndiyo Ijumaa, fundi saa anakata kona ya hospitali, na nini anasikia kwenye gurudumu la mbele kushoto? *Kwi*.

Akamfikisha Mama benchi, na kwa kuwa pale ukutani kuna tangazo la kuzima milio ya simu, alikuwa ameshaitoa yake sauti, akaibakiza mtetemo tu, na kuitupia kwenye kisanduku cha dashibodi. "Mama, dada anakuja kesho. Nakimbia mara moja tu, saa tano niko hapa."

Mama akamtazama. "Leo usikae kidogo? Nilitaka kukusimulia kitu."

"Nikirudi, Mama. Nikirudi utanisimulia chote."

Kwa Profesa kazi ilikuwa nyepesi kuliko kawaida. Nati moja imelegea, ikakazwa, *kwi* ikafa. Saa nne na robo. Sasa angalia kosa la fundi saa, ambalo dereva wa kawaida asingelifanya. Yeye saa ya mteja haiguswi na grisi, ni mwiko. Kwa hiyo kila akifika pale huvua saa zote mbili, anazifunga kwenye kitambaa safi, anazitia mfuko wa shati, na shati analitundika msumarini mbali na mafuta. Mtu mwenye saa nyingi kuliko wote mtaani alikuwa amesimama pale na singlendi, hana hata moja.

Ndipo gari liliponguruma. *Ngrrr. Ngrrr. Ngrrr.* Kimya.

"Mmesikia?" Profesa akasema.

Kamati yote ikasogea. Sauti ilitoka kwenye dashibodi, upande wa abiria, ya chini, ya nzi aliyefungiwa ndani ya boksi. Profesa akaweka bisibisi. Kimya. Alipoiondoa tu, *ngrrr, ngrrr*.

"Hiyo ni rilei," Mstaafu akasema.

"Rilei gani inalia hivyo? Hiyo ni mota ya feni, imekula meno," mwingine akabisha.

"Zima gari."

Wakazima. *Ngrrr.*

"Chomoa betri!"

Wakachomoa betri, wakaiweka chini kabisa, hatua tatu kutoka kwa gari. Wakangoja wameshika pumzi. *Ngrrr, ngrrr, ngrrr.*

Wanaume saba wakatazamana. Profesa alivua kofia. "Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita," akasema kwa sauti ya ibada. "Nilisikia tu kwamba yana umeme wa akiba mahali. Leo nimeuthibitisha."

Kwa watu wale, hiyo ilikuwa sikukuu. Redio ikatoka. Matundu ya hewa yakatoka. Mbao halisi zikavuliwa moja moja na kulazwa kwenye blanketi. Fundi saa mwenyewe alikuwa na kioo jichoni, kichwa ndani ya dashibodi, anafuata waya mmoja mmoja. Na ule mlio, kama unawadhihaki, ukawa unakuja, unakaa, unanyamaza, unarudi kwa hasira zaidi. Alikuwa na raha. Lazima niseme ukweli: alikuwa na raha kubwa. Alisema moyoni, dada akija kesho hatakuta hata ngrrr. Hakuna aliyekumbuka jua, na jua lilikuwa limeshahama ukuta mmoja kwenda mwingine.

Mwisho Profesa alifungua nati nne za kisanduku cha dashibodi, akakivuta, na simu ikadondoka juu ya blanketi. Ikanguruma mara moja zaidi hapo hapo, mbele ya Kamati nzima, kwenye kioo imeandika *Dada*. Chini yake imeandika kwamba alikuwa ameshapigiwa mara thelathini na moja.

Hakuna aliyecheka. Mstaafu ndiye aliyeokota simu na kumpa, kwa mikono miwili. Fundi saa alikwenda kwenye shati, akafungua kitambaa. Saa zote mbili zilikubaliana: saa kumi na dakika sita.

Dada alimwambia kwenye simu kwamba Mama yuko nyumbani, naye akarudi kwa bajaji, grisi hadi viwikoni. Nje palisimama kigari kidogo cha kawaida, safi, kimetoka mwendo wa saa nne na hakina hata haja ya kupumzika. Dada alikuwa amewahi siku moja ili amshtukize, akampigia tangu njiani kumuuliza tu yuko wapi na Mama, simu isipokelewe, akapita moja kwa moja hospitali, akamkuta Mama peke yake kwenye benchi. Kliniki ilikuwa imefungwa tangu saa saba. Mfagiaji alikuwa ameinua miguu ya Mama kwa upole, akafagia chini yake, akairudisha.

Dada hakupiga kelele, na hapo ndipo fundi saa alipoogopa kweli. Alikuwa anakunja nguo za Mama kitandani, kona kwa kona.

"Dada, nilikuwa natengeneza gari. Kwa ajili yake. Ili wewe ukija..."

"Najua ulikuwa wapi. Muulize mwenyewe."

Mama alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, magoti yamefunikwa kanga. Fundi saa akapiga magoti mbele yake, akakosa pa kuweka mikono kwa sababu ya grisi.

"Mama, nisamehe. Usiende. Nitaliuza. Kesho nitaliuza."

"Usiliuze, baba. Gari zuri." Mama akamfuta shavu kwa ncha ya kanga. "Sina hasira na wewe. Nimechoka tu kukaa peke yangu. Kule kwa dada yako kuna wauguzi, watakuwa wanapita pita, watanisalimia. Hapa mimi nakuona miguu tu."

"Lakini nilikuwa nafanya kwa ajili yako!"

"Najua. Hilo ndilo lililokuwa linanifunga mdomo."

Alilia, fundi saa. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, alilia kama mtoto aliyenyang'anywa, na dada yake chumbani akaacha kukunja nguo kwa muda.

Ijumaa hakufungua kibanda. Alishinda na Mama. Aliomba asimuliwe kile kitu cha jana, akasimuliwa: kilikuwa kisa cha baba yake na baiskeli ya kuazima, kirefu, hakina maana yoyote, na alikisikiliza hadi mwisho. Huku nyuma Kamati, kwa aibu, ilijikusanya kwa Profesa kumrudishia Waziri dashibodi yake. Walimwekea mifuko ya hewa waliyoitoa kwenye lile la matofali, wakasafisha injini, Profesa akarudisha hata kile kibalbu. Na kwa kuwa mwenye gari hakuwepo kusimama pale na kusikia milio, kazi yote ilikwisha kabla ya adhuhuri, na jioni wakamletea gari nyumbani.

Jumamosi asubuhi dada alifungua mlango wa kigari chake. Mama akatikisa kichwa. "Humo miguu yangu haienei. Mimi nitapanda langu. Si lilinunuliwa kwa ajili yangu?"

Dada akatangulia. Nyuma, fundi saa akageuza ufunguo. Gari lilikuwa limesimama wima, halikulala. Likawaka kwa mguso mmoja. Taa zote kwenye dashibodi ziliwaka zikazimika moja baada ya nyingine, kama inavyotakiwa, hata ile ya manjano. Akangoja irudi. Haikurudi.

Miezi mitatu alikuwa amemwomba Mungu lile gari liende. Siku ile aliomba ligome. Aliomba kwa dhati, midomo inacheza, hadi Mama akamwuliza kama anaumwa. Palikuwa na kilima ambapo gari la Mstaafu lilipumzika mara tatu kwa mwaka mmoja, na Kamati ilikuwa imekibatiza Hospitali. Fundi saa akakikabili kwa gia ya mwisho makusudi, kipoza hewa kimefunguliwa chote. Waziri alipanda kama anateremka. Kipoza hewa kikapuliza baridi safi, mpaka Mama akajifunika.

Walisimama mara moja njiani, wakanunua machungwa. Mama alimenya, akampa vipande mdomoni akiendesha, kama zamani alipokuwa mdogo. Alimsimulia habari za watu waliokufa kabla yeye hajazaliwa. Alilala kidogo, akaamka, akaendelea pale pale alipoachia. Fundi saa aliendesha taratibu kiasi kwamba malori yalimpigia honi. Saa nne zikawa tano. Alitamani ziwe kumi.

Kwa dada palikuwa na geti jeupe na ua uliofagiwa. Dada na muuguzi mmoja walitoka kumpokea Mama, kiti cha magurudumu kiko tayari, mto umeshawekwa. Dada alilizunguka lile gari mara moja, akapapasa bodi kwa kidole, akakitazama kidole.

"Kumbe gari zuri hivi," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kuamrisha. "Halina hata mlio. Sasa ulikuwa unatengeneza nini siku zote hizo?"

Mama alikwisha kukalishwa kwenye kiti, lakini alikataa kusukumwa ndani. Alisema anataka kumwona akiondoka.

"Safari njema, baba. Leo tumekaa, eh? Leo tumekaa vizuri."

"Tumekaa, Mama."

Akaingia garini, akafunga mlango. *Tup*. Likigoma hapa, alifikiri, nitalala. Likigoma sana, nitalala siku mbili, tatu. Hakuna atakayenifukuza na gari bovu getini. Angeweza hata kudanganya, aseme limekufa, lakini injini ile ikiwaka husikika, na Mama alikuwa anamwangalia. Akaushika ufunguo, akakaa hivyo kwa muda ambao saa zake mbili zilijua urefu wake. Wale watatu wakamsubiri pale getini.

Akageuza ufunguo. Likawaka.